Mwaka Tulioikatia Nyumba Bima

Harufu ya petroli ukiizoea huisikii tena, na hilo ndilo lililonitisha niliporudi nyumbani Tunduma baada ya kumaliza chuo. Siku ya kwanza ilinikaba koo. Siku ya nne nilikuwa nakunywa chai uani, nikashtuka kwamba sisikii chochote, na madumu yalikuwa palepale, upande wa pili wa ukuta, hatua kumi na mbili kutoka jikoni kwetu. Nilizihesabu hatua hizo kwa miguu yangu.

Madumu yalikuwa ya jirani yetu. Hakuwa ndugu wa damu, lakini nimemwita mama mdogo tangu nikiwa darasa la pili. Alinunua mafuta kwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, akayahifadhi kwenye madumu ya lita ishirini, akawauzia wenye bodaboda na watu wa upande wa pili waliokuja na kwacha zao. Serikali iliiita kazi hiyo magendo. Mtaani kwetu tuliiita biashara, na wala si yeye peke yake aliyeifanya.

Mama yangu aliuza mchele. Aliufuata Kamsamba, kwenye joto, akarudi juu ya magunia ndani ya lori, na magunia hayo yalilala sebuleni kwetu nyuma ya makochi. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nyumba ile mama aliijenga chumba kimoja kimoja: mwaka wa mavuno mazuri ulizaa chumba, mwaka mbaya ulizaa dirisha tu. Hakuwa na akiba benki, hakuwa na shamba tena kwao Ileje. Alichokuwa nacho ni nyumba na kilichokuwa ndani yake.

Wiki ya pili baada ya kurudi kwangu, nyumba iliungua mtaa wa tatu kutoka kwetu. Ilikuwa saa nane mchana. Nilipofika, paa lilikuwa limeshaanguka na mabati yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa amekaa kwenye kochi lake katikati ya barabara, maana kochi ndilo pekee lililotolewa. Watu walisema ni jiko la mkaa na dumu moja. Dumu moja tu. Nilimuuliza mzee aliyesimama karibu yangu kama yule mama alikuwa na bima.

"Bima?" alisema. "Kwani nyumba ina matairi?"

Watu wakacheka, wengine huku macho yao yamejaa moshi. Mimi nilimwangalia yule mama. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mkono wa kochi kwa kiganja, anafuta na kurudia.

Nikarudi nyumbani na kumwambia mama tukate bima ya nyumba.

"Nyumba yangu inasafiri kwenda wapi?" aliuliza.

"Moto hausubiri usafiri, mama."

"Tuna chama." Alimaanisha chama cha mtaa cha kufa na kuzikana. Ndicho kilichomzika baba, na mama mdogo ndiye aliyekuwa mweka hazina wake.

"Chama kinakuzika. Hakikujengei."

"Kwetu milimani nyumba ikiungua, asubuhi watu wanakuja na nguzo na nyasi. Jioni unalala ndani."

"Hii si ya nyasi. Ni ya tofali na bati. Nani atakuletea bati?"

Nilikuwa na tabia ile, ambayo chuo kilinifundisha na mtaa haukuipenda, ya kumuuliza mtu swali mpaka akose pa kukimbilia. Baada ya siku tatu akasema, "Haya, nenda kaulize. Kuuliza si kulipa."

Nilikwenda Mbeya mara nne. Ofisi ya kwanza walitaka hati ya kiwanja. Mama alikuwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na wao waliishika kwa ncha za vidole. Ofisi ya pili walikatia bima nyumba zilizokopewa benki tu. Binti wa mapokezi aliniuliza kwa upole kwa nini tusikope kwanza. Katika ofisi ya tatu nilimpata wakala mmoja, mtu mzima mwenye koti la kijivu, ambaye alikuwa na subira na maswali yangu. Yeye ndiye aliyenionyesha kosa letu. Tulikuwa tumeandika thamani ya nyumba pamoja na kiwanja, na kiwanja kilicho karibu na mpaka kina bei kubwa kuliko nyumba iliyokaa juu yake.

"Kiwanja hakiungui," alisema. "Mkatie bima gharama ya kuijenga upya. Msipunguze pia. Mkisema nusu, mtalipwa nusu."

Nikamuuliza kuhusu mchele. Akasema kuna kinga ya jengo tu, moto na radi, na kuna pana zaidi yenye mali za ndani, na kwamba mchele wa biashara uandikwe waziwazi kama bidhaa, usijifiche kwenye makochi. Nikauliza wizi. Nikauliza mafuriko. Nikauliza upepo unaong'oa bati. Kwa wizi na mafuriko ada ilipanda mpaka mama asingekubali. Tukabaki na jengo, mchele, moto, radi na upepo. Ada ya mwaka ilikuwa kama bei ya magunia mawili. Mama alishika kiuno, akasema neno la Kindali, lugha ya kwao, ambalo sijawahi kumsikia akilisema mbele ya wageni, kisha akakubali.

Fomu tuliijaza mezani, mimi nikisoma na yeye akijibu. Swali la tisa liliuliza kama kuna mafuta au kitu chochote cha kulipuka ndani ya jengo au kiwanja.

"Andika hakuna," mama alisema.

"Na hayo ya nyuma ya ukuta?"

"Wameuliza kiwanja cha nani?"

Nilisoma tena. Waliuliza kiwanja chetu. Nikaandika hakuna, na ilikuwa kweli. Nakumbuka nilifurahi. Niliona nimetumia akili.

Mkaguzi alikuja Alhamisi asubuhi kwa gari jeupe, na faili kwapani, na futi ya kupimia. Alikuwa kijana mwenye shati la mikono mirefu. Hakujulisha mtu mtaani, na sisi hatukufikiria kumtangaza. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa mtaa wetu peke yake angeweza kulifanya. Kwa sababu gari jeupe na faili mtaani kwetu havikuwa na maana mbili: ni msako wa magendo. Nilisikia mluzi mahali fulani, kisha mwingine mbali zaidi. Sikuutilia maanani. Nilikuwa namwonyesha mkaguzi kuta za sebule.

Alipima vyumba, akapiga picha paa, akahesabu magunia. Tulipotokea uani, mama alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo ya nyuma, mikono nyuma. Stoo ile ilikuwa ya magunia matupu, na siku zote mlango wake ulikuwa wazi. Sasa ulikuwa na kufuli. Chini ya kizingiti udongo ulikuwa umelowa, duara dogo jeusi.

"Humu kuna nini, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Magunia matupu, baba."

Alinyanyua pua. "Nasikia kama petroli."

"Ndiyo mji wenyewe huu. Malori yote hayo! Ukikaa siku mbili hutaisikia."

Akacheka. Akapiga picha mlango uliofungwa, akaandika. Mama alinitazama mara moja tu, haraka. Mimi niliyemuuliza mwalimu wa chuo ushahidi wa kila sentensi, niliyemchosha wakala mpaka akavua koti, sikuuliza kitu. Nilimsindikiza mkaguzi mpaka garini na kumtakia safari njema.

Mama alifungua kufuli gari lilipopinda kona. Yalikuwa madumu kumi na manne.

Nilidhani ni jambo la dharura, la siku ile. Haikuwa hivyo. Mtaani kulikuwa na utaratibu wa zamani ambao mimi, niliyekuwa shule za bweni na kisha chuo, sikuujua: mgeni mwenye faili akiingia, mali huhamia kwa jirani asiyeshukiwa, na jirani hakatai. Mama mdogo aliposikia mluzi, aliyapitisha juu ya ukuta yeye na binti zake wawili, na mama aliyapokea upande huu wakati mimi nasifia sebule.

"Mgeni alikuwa wetu," nilisema. "Alikuja kwa ajili yetu!"

"Mama yako mdogo angejuaje? Na ningemrudishia madumu juu ya ukuta, mbele ya mtu?"

"Ungesema hapana."

"Wale wa ushuru wa mazao walipokuwa wanakuja, mchele wangu ulilala wapi? Uani kwa nani? Ada yako ya chuo ilikuwa ndani ya magunia yale."

Mkataba ulifika baada ya wiki mbili, karatasi nzuri nene yenye nembo. Mama aliuweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa. Mimi niliutoa na kuusoma wote, hata herufi ndogo. Ukurasa wa nne ulisema kwamba taarifa yoyote isiyo ya kweli, iwe kwenye fomu au mbele ya mkaguzi, inaufuta mkataba tangu siku ya kwanza.

Na madumu hayakurudi kwao. Wiki ya kwanza niliona ni uzembe. Wiki ya tatu yalikuwa ishirini na kitu. Nilimkuta mama mdogo uani kwetu, anatafuna karanga, amekaa juu ya dumu moja kama mtu aliyekaa kwake.

"Shikamoo mama mdogo. Haya mafuta yanaondoka lini?"

"Marahaba, msomi wangu. Yanaondoka yaende wapi? Nyie sasa mna bima." Alinimiminia karanga kiganjani. "Yakilipuka kwangu ni hasara. Yakilipuka kwenu mnalipwa. Si ndiyo maana yake?"

"Tutakuwa tumeungua, mama mdogo."

"Aah! Wewe tangu ulivyotoka huko unaona moto kila mahali. Utaolewa na nani wewe, zimamoto?"

Alicheka mpaka maganda yakamtoka mdomoni, na mama, aliyekuwa anapepeta mchele, alicheka naye. Nilisikia kwamba kicheko cha mama kilikuwa kifupi.

Kuanzia hapo niliacha kulala vizuri. Mchana nilitembea uani nikitafuta makaa. Kila mtu aliyepita na sigara njiani nilimfuata kwa macho mpaka apotee. Tulikuwa na bima, na bima ndiyo iliyoingiza petroli ndani ya ukuta wetu, na petroli ndiyo iliyoifanya bima isiwe kitu. Nilimwonyesha mama ukurasa wa nne. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Yaani nimelipa magunia mawili nikanunua karatasi."

"Ndiyo."

"Ulijua siku ile ile, mkaguzi alipouliza?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe?"

Alikunja karatasi, akairudisha kwenye mfuko wake. Kesho yake asubuhi alijifunga kanga, akaenda kwa jirani kupitia mlango wa mbele, njia ambayo hakuwahi kuitumia. Siku zote walizungumzia ukutani. Nilisimama dirishani. Nilitarajia makelele. Nilijiandaa kwa matusi.

Mama mdogo alisema, "Hamna shida, dada. Ungesema mapema tu."

Ndani ya saa moja madumu yote yalikuwa yametoka. Alikuja yeye na binti zake, wakayabeba mawili mawili. La mwisho lilipotoka aliomba ufagio, akafagia stoo, akamwaga mchanga pale palipolowa. Akanawa mikono bombani kwetu, akaaga. Upole ule uliniuma kuliko tusi lolote.

Mimi sikuishia hapo. Nilitaka mkataba uwe wa kweli. Niliandika barua kwa kampuni nikaeleza kwamba siku ya ukaguzi stoo ilikuwa na mafuta, kwamba yameondolewa, na kwamba tunaomba ukaguzi mwingine. Sikumtaja jirani. Niliipeleka Mbeya kwa mkono wangu. Wakala wa koti la kijivu aliisoma mara mbili, akaniangalia kana kwamba namrudishia chenji iliyozidi.

"Watu huwa hawaandiki barua hizi," alisema.

Mkaguzi alirudi. Safari hii mluzi haukupigwa, au ulipigwa na sisi hatukuusikia. Alifungua stoo, akaona magunia matupu. Alichungulia juu ya ukuta. Uani kwa mama mdogo kulikuwa na kuku na nguo za kuanika. Baada ya siku kumi tulipata karatasi ya nyongeza yenye muhuri. Sasa kinga ilikuwa halali, inayotufaa, na kwa ada ileile. Nilimwambia mama kwamba kwa mara ya kwanza nyumba yake iko salama.

Nilichosahau ni kwamba Tunduma barua haisafiri peke yake. Mtu aliniona stendi na bahasha ya kaki. Mwingine aliona gari jeupe limerudi, na safari hii mkaguzi akichungulia ukuta wa jirani. Hakuna aliyeniuliza barua ilikuwa ya nini; walishaamua kwamba nimemchongea jirani. Siku moja kijana wa bodaboda kwenye kona alinipigia kelele, "Msomi! Leo hupeleki barua?" Wenzake wakatazama matairi ya pikipiki zao.

Hawakutufanyia ubaya wowote. Mama mdogo aliendelea kumsalimu mama kila asubuhi, "Umeamkaje, dada," na mama akajibu, na baada ya hapo hakukuwa na kitu kingine. Vikao vya chama tulivisikia vikishafanyika. Mzee mmoja alifariki nyumba ya sita kutoka kwetu, na mama alijua alipoliona turubai. Alikwenda akakaa msibani, wanawake wakamsogezea mkeka, wakampa chai, wakanyamaza mpaka alipoondoka. Nilitaka aende kueleza. Alisema, "Nieleze nini? Kwamba mwanangu alikuwa anasema kweli?"

Kilichonitisha hasa ni kitu kingine. Sikujua tena madumu yako wapi. Zamani yalikuwa hatua kumi na mbili, na nilijua idadi yake. Sasa asubuhi upepo ulileta harufu kutoka upande wa shule, jioni kutoka upande wa mashine ya kusaga, siku nyingine kutoka chini kabisa, kama vile inatoka ardhini. Nilimuuliza mama, naye alisema hajui. Nilimuuliza binti mkubwa wa mama mdogo, tuliyesoma naye msingi. Akasema, "Mafuta gani?" na akasubiri, bila hasira, niondoke.

Mwezi wa tisa upepo mkavu ulianza. Mchana mmoja nilikuwa najaza maji kwenye ndoo nikaona anga juu ya paa la jirani imekuwa ya rangi ya majivu, kisha nyeusi. Kelele zikaanza mbali, halafu miguu. Mama alitoka na ungo mkononi. Watu walikuwa wanapita mbele ya geti letu wakikimbia, na wote walikimbia upande mmoja, kama watu walioambiwa. Mmoja amebeba redio, mwingine mtoto, mwingine cherehani kichwani.

"Ni wapi?" mama aliita. "Moto uko wapi?"

"Huko mbele, mama," alisema wa kwanza bila kusimama.

"Wapi mbele? Unakuja huku?"

"Huko, huko."

Mama mdogo alitoka kwake na televisheni iliyofungwa kwa shuka, binti zake nyuma na magodoro. Alifunga geti lake kwa mnyororo. Mama akamshika mkono.

"Mdogo wangu, niambie tu. Unakuja huku?"

Mama mdogo alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Natamani ningeweza kuandika kwamba alikuwa nayo.

"Wewe una bima, dada," alisema. "Wa kukimbia ni sisi."

Akautoa mkono wake taratibu, akawafuata wenzake.

Mtaa ukawa mtupu. Mama aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki wenye mkataba, akaufunga tumboni ndani ya kanga. Kisha tukaanza kuyatoa magunia ya mchele, mimi na yeye, moja moja, tukiyaburuta mpaka barabarani, ingawa mchele ule ulikuwa umeandikwa kwenye kinga, ukurasa wa pili. Sikumkumbusha. Moshi ulipita juu yetu mpaka jua likawa jekundu. Mlipuko mmoja ulisikika, halafu mingine miwili pamoja. Hatukuweza kujua ni karibu au ni mbali. Tulikaa juu ya magunia katikati ya barabara, macho yetu yakienda huku na huku, mpaka giza likaingia na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakitupita pembeni.

Moto haukufika kwetu. Ulikuwa umeanzia wapi na uliishia wapi, tuliambiwa kesho yake asubuhi na muuza maziwa, ambaye hakuwa mtu wa mtaa ule.